Dada Yangu Hakuwa Akifunga

Kila pasta wetu anapotangaza juma la kufunga na kuomba, pua yangu inasikia sombe. Hakuna mtu anayepika. Watu wamekaa kimya kwenye mabenchi, wengine wanaguna chini chini kwa kufikiria matumbo yao, na mimi nasikia majani ya muhogo yaliyotwangwa yakichemka polepole na mawese, mpaka mafuta mekundu yanapanda juu na nyumba nzima inanukia. Mate yananijaa kinywani. Halafu hasira inakuja. Msinielewe vibaya, mimi nafunga, na nimefunga maisha yangu yote ya ukubwa. Lakini nafunga nikitaka mwenyewe. Mtu wa kunifungisha kwa nguvu bado hajazaliwa.

Ninyi wa rika langu, mlioota mvi pamoja nami, nawaandikia ninyi kwa sababu kuna mambo mawili ninayoyasikia siku hizi na yote mawili yananichoma. Wajukuu zetu, mtu akiwakaripia kidogo tu, wanasema huyo ni mtu mbaya, wakae mbali naye. Na wamama wa kanisa, binti wa watu akija analia, wanamwambia vumilia, ndoa ni msalaba. Hawa na wale wanachanganya mambo. Mimi pia nilichanganya, tena vibaya sana. Lakini mimi nilikuwa mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa yametoka na hayajaota tena. Wao wana sababu gani?

Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, hata sura yake siikumbuki. Aliyetulea, mimi na dada yangu Faida, ni Shangazi Rebeka, dada mkubwa wa Papa, baba yetu. Alikuwa mjane. Alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kinachotazamana na chetu, juu ya Mushaki huko Masisi, na alikataa kuihama. Basi kila asubuhi alivuka bonde kuja kwetu, na kabla hajafika tayari tumeshamsikia. Sauti yake ilifika kwanza, kupitia ukungu: "Mungali mumelala? Jembe itatembea yenyewe mpaka shambani?"

Alikuwa mkali, jamani. Shamba letu la maharagwe liliinama kiasi kwamba ukilima unatazama juu, na mbegu ukiidondosha inabingirika mpaka kwa jirani. Shangazi alipita nyuma yako akikagua. Akikuta jani moja la magugu anakurudisha mwanzo. "Hii ulilima ao uliikuna?" Masikio yangu aliyavuta mpaka nikadhani yatabaki mikononi mwake. Neno "nakupenda" sikulisikia kinywani mwake hata siku moja. Aliniita mvivu, aliniita mkia wa mbuzi, aliniita mgeni wa nyumbani kwetu.

Dada Faida alikuwa mkubwa kwangu sana, msichana tayari, na alimjibu. "Shangazi, leo siende. Kichwa inaniuma."

"Kwani ile kichwa njo inashika jembe?"

"Siende."

"Utakula nini basi?"

"Nitakula chakula. Iko ndani ya chungu. Na siende!"

Wakapigana maneno hivyo mpaka majirani wakasimama kuwasikiliza kama mchezo. Mwishowe Shangazi akashika jembe akaenda zake akinung'unika, na Dada akarudi kulala. Jua likiwa katikati Shangazi alirudi na majani ya dawa mkononi, akayachemsha, akamnywesha, huku anamtukana. "Kunywa, mujinga. Kunywa yote." Mimi nilisikia lile neno mujinga tu. Dawa sikuiona. Nilijua kwamba Shangazi hatupendi, na katika sala zangu za kitoto nilimwomba Mungu aniondoe mikononi mwake, hata kwa malaika, hata kwa kamyo ya mizigo.

Mungu akamleta Mwalimu Eliya. Ndivyo nilivyodhani.

Alikuwa mwalimu wa shule ya kapela, kanisa dogo la kijiji, huko Itebero, Walikale, ndani ya msitu, na alikuja kwetu kwa mkutano wa kanisa. Shati lake lilikuwa jeupe hata baada ya safari ile ya matope. Alisalimia wazee akiwa ameinama. Na sauti yake! Laini, ya chini, unalazimika kusogea karibu ili umsikie, na ukishasogea hutaki kuondoka. Alipoomba, wamama walilia. Papa alimpenda siku ile ile. Posa ililetwa, ndoa ikafungwa, kilima kizima kikashangilia kwamba Faida amepata mtu wa Mungu asiyekunywa, asiyepiga, asiyepaza sauti.

Shangazi peke yake alinuna. Akisonga bugali ya harusi alisema, "Muntu asiyekasirika hata siku moja, hasira yake anaiwekaka wapi?" Wamama wakacheka. Wakasema Rebeka amezoea makelele, amani inamtisha. Mimi nilicheka kuliko wote.

Faida alipojifungua mtoto wa kwanza, Samweli, nikatumwa kwake kumlelea, kama ilivyo desturi yetu ya mdogo wa kike kwenda kubeba mtoto wa dada yake. Nilifurahi mpaka nikasahau kumuaga Shangazi. Tulipanda kamyo iliyobeba mihogo na mbuzi, na barabara ilipokataa tukashuka tukatembea. Baridi ya kwetu ikabaki nyuma. Miti ikazidi kuwa mikubwa mpaka anga likapotea, na joto likatufunika kana kwamba mtu ameweka kifuniko juu ya sufuria. Nilitembea nikiimba. Nilikuwa naenda mahali pasipo na kelele.

Na kweli hapakuwa na kelele. Nyumba ile ya Itebero ilikuwa tulivu hata nikasikia kuku wakitembea uani. Shemeki Eliya aliniita "mudogo wangu", alinipa kipande cha kalamu ya risasi, alinifundisha kuandika herufi juu ya kibao. Nikikosea hakunivuta sikio. Alitabasamu tu na kufuta. Nikasema moyoni, mbinguni ni hapa.

Asubuhi kabla ya shule tulipiga magoti, akaomba, na baada ya Amina, baadhi ya siku, alimgeukia Dada na kusema polepole, kwa upole wote: "Faida, leo tutafunga."

Dada aliinamisha kichwa. Hakuuliza kwa nini. Halafu alikwenda kutwanga sombe, akaipika, akasonga bugali, akampakulia bwana yake, akanipakulia mimi. Yeye akaketi pembeni na mtoto. Kwa kuwa alikuwa anafunga, hakuweza kuonja chakula alichokipika, basi aliniita mimi. "Kuja, onja. Chumvi inatosha?" Nilionja kijiko kizima, nikajiona mtu mkubwa. Nani mwingine wa umri wangu aliaminiwa chumvi ya nyumba ya mwalimu?

Siku moja nilimuuliza Shemeki, "Na wewe mbona unakula? Si ulisema tutafunga?"

Alinipapasa kichwa. "Mimi nafunga hasira, mudogo wangu. Kila muntu na kufunga yake."

Niliona ni jibu zuri sana. Nilijaribu kufunga hasira pia, nikashindwa kabla ya saa sita.

Dada alifunga siku aliyounguza chakula. Alifunga siku aliyocheka kwa sauti kubwa na wamama mtoni na sauti ikafika shuleni. Alifunga siku Samweli alipolia katikati ya mahubiri, na siku aliyosema kwamba amekumbuka nyumbani, anataka kumsalimia Papa. Mimi niliyaona hayo yote kwa macho yangu na sikuyaunganisha. Nilidhani siku hizo zilikuwa na maombi mazito. Nilidhani roho ya dada yangu imepanda juu. Akakonda, mifupa ya shingo ikatokeza, kitenge alichokuja nacho kutoka kwetu kikawa kinamzunguka na kubaki, nami nikajisemea kwamba watakatifu ndivyo wanavyokuwa. Akaacha kuimba. Nikajisemea kwamba anaimba rohoni.

Kuna mara moja nilimhurumia. Nilichoma ndizi nyuma ya nyumba nikampelekea kipande, kimepakwa mawese. Alikitazama muda mrefu. Kisha akatazama njia ya shule, akanirudishia. "Hapana. Shemeki yako ataona mafuta kwenye midomo yangu." Nikakila mimi. Nikaona ni jambo zuri, mume na mke kuangaliana hivyo katika mambo ya Mungu.

Lakini mtoto alilia. Samweli alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Nilimbeba mgongoni nikizunguka uani mpaka miguu ikaniuma, na alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko mtoto wa umri wake. Nilimsifu kwa hilo. Ee Mungu wangu, nilifurahi kwamba mzigo wangu ni mwepesi.

Msimu wa mavuno ya maharagwe ulipofika kwetu Masisi, pasta wa kilima chetu alimwalika Shemeki aje kuhubiri kwenye sikukuu ya mavuno. Tukasafiri wote. Kanisa lilijaa, watu wamebeba vikapu vya maharagwe mapya, mihogo, maboga, kuku waliofungwa miguu, vyote vikapangwa mbele. Shangazi alikuwa benchi la pili, amejifunga kitambaa chake cha sikukuu. Alipomwona Dada Faida akiingia alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Nilishangaa, maana sikuwahi kuona jambo hilo.

Baada ya Shemeki kuhubiri ukafika wakati wa shuhuda. Mzee mmoja alimshukuru Mungu kwa ng'ombe aliyepona. Mama mmoja alimshukuru kwa mvua. Na mimi, ambaye nilikuwa nimekwenda mbali kuliko watoto wote wa kilima na kujua mengi, nikasimama juu ya benchi.

"Namushukuru Mungu kwa ajili ya dada yangu Faida!" nikasema kwa nguvu. "Anafunga kuliko Pasta!"

Watu wakacheka kwa furaha. "Amina!"

"Akiunguza chakula, anafunga! Akicheka mtoni, anafunga! Akisema anataka kuja kwetu, anafunga! Anapika sombe na haonje hata kidogo, mi njo naonja chumvi! Na Shemeki akisema tufunge, hakatalake!"

"Haleluya!" wakaitikia. Wamama wakapiga vigelegele. Dada Faida alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa kichwa cha mtoto. Na katikati ya vigelegele Shangazi Rebeka akasimama.

"Wewe mutoto. Na bwana yake siku ile anakulaka?"

"Ndiyo, Shangazi. Yeye anafunga hasira."

Vigelegele vikafa.

"Na maziwa ya mutoto?"

"Imekwisha," nikasema, kwa sauti ndogo sasa, maana uso wa Shangazi ulikuwa umebadilika.

"Mama Rebeka," pasta akasema kutoka mbele, "kaa tuendelee na ibada."

"Mi sikai."

"Mama Rebeka, hii iko nyumba ya Mungu."

"Njo sababu sikai! Ingekuwa nyumba ya muntu ningekaa." Akamwelekezea Shemeki kidole, mbele ya maboga na kuku na Wakristo wote. "Ile haiko kufunga. Ile ni kunyima muntu chakula, halafu Mungu anasingiziwa. Mawee! Binti wa kaka yangu anakufa njaa na munamupigia vigelegele!"

Ibada ikavunjika. Alasiri ile ile wakakaa nyumbani kwa Papa: pasta, wazee wawili wa kanisa, Shemeki Eliya kwenye kiti, Dada na mtoto kwenye mkeka. Mimi Shangazi alinishika mkono akasema huyu hatoki, ni shahidi.

Wazee wakauliza maswali waliyoyazoea. Alikupiga? Dada akasema, "Hapana. Hakunipigaka." Anakunywa? Hapana. Iko na mwanamuke mwingine? Hapana. Alikutukana? Hapana, hata mara moja. Mzee wa kwanza akapumua, ameridhika. "Basi, binti yetu, hakuna shida kubwa. Ndoa yote iko na ugumu. Vumilia. Ni msalaba."

"Kufunga alikubali mwenyewe," Shemeki akaongeza kwa sauti yake ile. "Mumuulize. Mi natafuta tu kumulea katika Bwana."

Wakamuuliza. Dada akasema, "Njo, nilikubali." Papa akatazama miguu yake.

Shangazi akaanza, na sauti yake ilitikisa bati. "Ugumu? Munaniambia mimi ugumu? Mi na marehemu bwana yangu tuligombana mpaka mbwa wa jirani ikahama! Alikuwa mugumu kama jiwe, na mimi sikuwa pamba. Lakini nilimuambia hapana, na jioni tukakula chungu moja. Nilimuambia hapana, na siku niliugua alinibeba mugongoni mpaka kwa daktari, anatukana njia yote. Huyu binti, alisema hapana lini? Mumuulize ile! Alisema hapana lini, na akakula?"

Shangazi akaondoka kwenda jikoni. Kwetu mnajua, chakula kikija wageni wanaume wanawekewa kwanza, na pasta mbele ya wote. Yeye akarudi na sahani ya maharagwe mapya na bugali, akampita pasta, akawapita wazee, akaiweka chini mbele ya Dada Faida.

"Kula," akasema.

Mvuke wa maharagwe ukampanda Dada usoni. Nikaona koo lake likimeza mate. Na hakuitazama sahani. Alimtazama bwana yake.

Sote tuliona. Hata mzee yule aliyeridhika aliona, kwa sababu aliacha kutafuna kijiti chake.

Shemeki akatabasamu. "Faida anajua leo iko siku gani."

"Leo iko siku gani, Mwalimu?" pasta akauliza. "Si ni sikukuu ya mavuno?"

"Ni mambo ya nyumba yetu, Pasta. Asubuhi alichelewa kupiga pasi shati yangu ya kuhubiri. Tulikubaliana."

Alikuwa mtu mzuri, pasta yule, ila alikuwa hajawahi kuwaza jambo hili. "Na mutoto ananyonya nini?"

"Bwana atatoa."

Pasta akasema polepole, kana kwamba anajikumbusha mwenyewe, "Yule binti ambaye Yesu alimufufua, watu wote walikuwa wanashangaa. Yesu akawaambia wamupe chakula."

Ndipo nilipoelewa. Sijui niseme vipi. Siku zile zote, ile sombe niliyoonja, ule uzito mdogo mgongoni mwangu. Nilimtazama Shemeki, mtu mpole kuliko wote niliowahi kuwajua, nikaona kwamba angeweza kumtazama dada yangu akifa huku ametabasamu. Shangazi alisimama tu akingojea.

Dada akapeleka mkono kwenye sahani. Akamega bugali, akachovya, akala. Akamega tena. Tulimtazama akila mpaka sahani ikaisha, naye akalamba vidole kimoja kimoja, taratibu, macho yake kwa Eliya.

"Sirudi Itebero," akasema.

Hapa nataka niwaambie kwanza yaliyofuata, maana siku ile napenda kuimalizia mahali pake. Eliya alirudi baadaye na mbuzi, kama inavyotakiwa mtu akifuata mke aliyerudi kwao. Shangazi alimwangalia mbuzi yule, akampapasa ubavuni, akasema, "Huyu amenona. Unajua kulisha basi," akamfukuza yeye na mbuzi wake. Papa, aliyekuwa mpole hata kupita kiasi, alisimama nyuma ya dada yake na rungu mkononi. Wakubwa wa kanisa walio juu ya pasta wakasema tumevunja kile Mungu alichokiunganisha, wakatutenga na Meza ya Bwana, nyumba nzima. Pasta alitutetea akashindwa. Basi kila Jumapili ya Meza, Shangazi alikaa benchi la mbele kabisa, nguo safi, mikono ameikunja, mkate ukapita mbele ya pua yake, naye akaimba kuliko wote. Hatukuhama kanisa. Kwa nini tuhame? Lilikuwa letu.

Dada alikaa na Shangazi ng'ambo ya bonde, akanenepa, Samweli akapata mashavu. Na waligombana! Kila siku ya Mungu, juu ya chumvi, juu ya mbegu, juu ya nani aliacha mlango wazi kuku wakaingia. Nilikuwa nasikia toka kwetu, "Siende!" na "Nenda basi ukalale, mvivu!", na moyo wangu ukafurahi. Shangazi alipozeeka miguu ikakataa, Dada ndiye aliyemwosha na kumbeba, huku anamkaripia kwa kukojoa kitandani. Alikufa mikononi mwake. Mimi pia niliolewa na mtu mgumu, mbishi, tuliishi miaka mingi tukivutana, na namlilia mpaka leo. Sikumwogopa hata dakika moja.

Kwa hiyo wamama, binti akija kwenu analia, msimuulize kama anapigwa halafu mkaishia hapo. Msipime sauti. Mumuulize kama anaweza kusema hapana na bado akala, akalala, akamsalimia baba yake. Yesu aliupokea msalaba wake mwenyewe, hakumtwisha mke wa mtu na kukaa kando akila sombe. Anayewaambia tofauti, mleteni kwangu. Nipo. Masikio yangu bado yanasikia na ulimi wangu haujazeeka.

Sasa turudi pale kwenye mkeka. Dada alipokwisha sema kwamba harudi, Eliya hakukasirika. Alisimama, akainua mikono, akasema kwa sauti ile ya asali, "Wapendwa, tufumbe macho. Tuombe."

Nanyi mnawajua Wakristo wa vilima vyetu. Ukiwaambia wafumbe macho wanafumba, hawaulizi ni nani anaomba wala anaomba nini. Pasta akafumba. Wazee wakafumba. Papa akafumba, machozi yanapita chini ya kope. Eliya mwenyewe akafumba kwa nguvu mpaka paji la uso likakunjamana. "Bwana," akaanza, "umuonyeshe mutumishi wako Faida njia. Umuvunje kiburi. Umuonyeshe njia anayopaswa kupita..."

Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto anayefumbua macho wakati wa maombi anamtukana Mungu. Nikafumbua. Shangazi alikuwa hajafumba kabisa. Dada pia. Wanatazamana. Shangazi akainua kidevu kidogo kuelekea mlangoni, na Dada akaelewa. Akainuka bila haraka. Akamweka mtoto mgongoni, akamkaza na kitenge, akafunga fundo kifuani. Akapita mbele ya bwana yake karibu kabisa hata nguo yake ikagusa goti lake. Eliya hakufumbua. Alikuwa anaomba vizuri mno, wazee wameshaanza kuitikia "ndiyo, Bwana". Kupitia mlango nilimwona dada yangu akishuka kati ya mabua ya maharagwe yaliyovunwa, anavuka bonde, anapanda upande wa pili. Hakugeuka hata mara moja. Mlango wa Shangazi ulifunguka ukafungwa.

Maombi yalichukua muda mrefu. Mwishowe watu wote wakasema Amina, wakafumbua macho, na mkeka ulikuwa mtupu.

"Iko wapi bibi yangu?" Eliya akapiga kelele. Ndiyo, alipiga kelele, sauti kali ya mtu wa kawaida, ambayo sikuwahi kuisikia toka kwake.

Shangazi alikuwa ameshainama anaokota sahani.

"Si uliomba Mungu amuonyeshe njia?" akasema. "Amemuonyesha."